Makao, Pango na Karatasi: Kodi ya Mganda Anayefanya Kazi Ng'ambo
Hotuba kwa wafanyakazi wa nje ya nchi na familia zao, Busia, Uganda

Waheshimiwa viongozi wa wilaya na manispaa, mashehe na wachungaji mliofika, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu mliorudi likizo ya Desemba kutoka Riyadh, Dubai, Doha, London, Juba na Nairobi, pamoja nanyi mliobaki hapa nyumbani mkisimamia mali zao: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nashukuru kwa kualikwa kusema juu ya kodi mbele ya watu ambao jasho lao limejenga nyumba nyingi za mji huu na kulipa karo za watoto wengi wa wilaya hii.

Nianze na swali ambalo nimeulizwa tangu nilipoingia ukumbini, nalo ni kama Mganda aliye kyeyo, yaani kazini ng'ambo, anadaiwa kodi na serikali yake kwa sababu tu ana pasipoti ya Uganda. Hadaiwi. Zipo nchi zinazofanya hivyo. Marekani humfuata raia wake popote alipo, na Eritrea imekuwa ikidai asilimia 2 ya mapato ya wananchi wake walio nje. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato haikushika njia hiyo. Inauliza mambo mawili: je, katika mwaka huo wa mapato ulikuwa mkaazi wa Uganda, na je, fedha hizo zilitoka wapi? Aliye mkaazi huhesabiwa mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Asiye mkaazi huhesabiwa yale tu yaliyotokana na Uganda. Karibu kila ugomvi wa kodi niliouona katika familia za watu wa ng'ambo umetokana na watu kuruka maswali haya mawili na kukimbilia kwenye kiasi cha fedha.

Mkaazi, basi, ni nani? Mwaka wetu wa mapato huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mtu huwa mkaazi akikaa nchini siku 183 au zaidi katika kipindi chochote cha miezi kumi na miwili kinachoanza au kuishia ndani ya mwaka huo. Anaweza pia kuwa mkaazi kwa kuja na kurudi, ikiwa kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia wastani wa kukaa kwake nchini unazidi siku 122 kwa kila mwaka. Mfanyakazi wa serikali ya Uganda aliyetumwa nje ni mkaazi hata kama hakukanyaga nchini mwaka mzima, na kwa hiyo karani wa ubalozi wetu aliyeko Ulaya anakatwa kodi ya mshahara kama mwenzake aliyeko Kampala. Askari wetu walioko Somalia nao ni wakaazi kwa kipimo hicho, ila mshahara wao wa jeshi umesamehewa kodi kwa kifungu kingine.

Kipo kipimo kimoja nilichokiacha makusudi ili nikieleze peke yake, kwa sababu ndicho kinachowagusa wengi waliokaa hapa. Sheria inasema kwamba mtu mwenye nyumba ya kudumu Uganda ni mkaazi. Haikutaja siku hapo. Dada aliyekaa Dubai miaka minne bila kurudi, akatuma fedha zake zikajenga nyumba ambamo vitu vyake vimewekwa na watoto wake wanaishi, anaweza kuhesabiwa mkaazi wa Uganda kwa miaka hiyo yote minne. Kifungu chenyewe hakisemi nyumba ya kudumu ipimwe vipi: kama ni lazima alale humo, au inatosha kuwa iko tayari kumpokea, kama nyumba ya mumewe ni yake, kama nyumba aliyoipangisha kwa watu wengine bado ni makao yake. Mimi nashika kwamba nyumba ambayo mpangaji anaishi ndani yake kwa mkataba, na mwenyewe hana haki ya kuingia na kulala, si makao yake ya kudumu, bali ni mali inayomzalishia. Hata hivyo huo ni mtazamo wangu, na mtu ambaye jambo hili lina uzito kwake ana haki ya kumwandikia Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, akieleza hali yake bila kuficha kitu, na kuomba uamuzi wa maandishi. Haki hiyo imo katika Sheria ya Taratibu za Kodi, na inatumiwa na makampuni makubwa kuliko inavyotumiwa na sisi.

Mtasema, kwa nini tuhangaike na ukaazi ikiwa mshahara wenyewe umekwisha katwa huko uliko? Hoja hiyo ina nguvu, na sheria imeikubali kwa sehemu. Mshahara ambao mkaazi ameupata kwa ajira ya nje umesamehewa kodi ya Uganda ikiwa amelipa kodi ya mapato ya nchi ya nje juu ya mshahara huo. Mchukueni kijana wa hapa Busia anayelala upande wetu na kila asubuhi kuvuka mpaka kwenda kazini upande wa Kenya. Yeye ni mkaazi wa Uganda bila ubishi, maana nyumba yake iko hapa na siku zake ni za hapa. Mwajiri wake wa Kenya humkata kodi ya mshahara na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na mwisho wa mwaka humpa fomu inayoitwa P9 inayoonyesha kilichokatwa. Kwa karatasi hiyo, mshahara wake hautozwi tena huku. Kinachomlinda ni kifungu cha sheria yetu wenyewe, wala si mkataba wa nchi na nchi. Lakini kama mwajiri wake anamlipa mkononi, bila kumkata chochote na bila karatasi, basi msamaha huo hana, na mshahara huo wa Kenya unaingia katika hesabu ya Uganda kama vile ameupata Tororo.

Hapo ndipo nafikia wenzetu walioko Ghuba, na naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili linaniuma. Falme za Kiarabu, Qatar na Saudi Arabia hazitozi kodi ya mapato juu ya mshahara wa mfanyakazi. Kwa kawaida hiyo ni neema. Lakini msamaha wa sheria yetu umefungwa kwenye sharti la kuwa kodi imelipwa huko nje, na pale ambapo hakuna kodi hakuna cha kuonyesha. Matokeo yake ni kwamba muuguzi wa Uganda aliyeko Birmingham, anayepata mshahara mkubwa na kukatwa kodi na Waingereza, hana anachodaiwa huku juu ya mshahara ule hata akihesabiwa mkaazi, lakini msichana anayefua na kupika katika nyumba ya watu Riyadh, akihesabiwa mkaazi kwa sababu ya kijumba alichojenga, anaweza kudaiwa kodi ya mshahara wote. Sidhani Bunge lilikusudia hivyo. Wengi wa wasichana hawa huenda kwa mkataba wa miaka miwili, hawana nyumba yao wenyewe hapa, na mara miezi ya kukaa kwao nje inapotimia hesabu ya siku huwatoa kwenye ukaazi. Hao wasiogope. Ila yule aliyekwisha jenga anastahili jibu lililo wazi, na njia ya heshima ya kulipata ni waheshimiwa wabunge wetu kukirekebisha kifungu hiki, waseme kwamba mfanyakazi aliye nje kwa mkataba wa ajira na asiyefika siku 183 nchini hahesabiwi mkaazi kwa sababu ya nyumba peke yake. Nawaomba viongozi mlioko hapa mlibebe ombi hili.

Niseme kwa ufupi juu ya fedha mnazotuma nyumbani, kwa maana uvumi umewatesa wazee bure. Fedha ambazo mtoto amemtumia mama yake kwa chakula, dawa au karo ni zawadi, na zawadi ya namna hiyo haimo katika mapato yanayotozwa kodi. Kinachokatwa mama anapotoa fedha kwenye simu ni ushuru wa asilimia 0.5 wa kiasi anachotoa, uliowekwa mwaka 2018, pamoja na ada ya kampuni ya simu. Huo haumuulizi mtu kama fedha zimetoka Doha au Iganga.

Wafanyabiashara wanaopeleka nafaka na saruji Juba wana hesabu yao tofauti, kwa sababu msamaha nilioueleza ni wa mshahara peke yake. Faida ya biashara aliyoipata mkaazi nje ya nchi huingizwa katika mapato yake ya Uganda, kisha kodi aliyoilipa kule hupunguzwa kutoka katika kodi inayodaiwa hapa, bila kuzidi kiasi ambacho Uganda yenyewe ingetoza juu ya mapato hayo. Asiye na stakabadhi ya kodi ya kule hawezi kupunguziwa. Najua jinsi stakabadhi zinavyopatikana kwa shida katika barabara ile, na ndiyo sababu nawasihi kuidai kila mnapolipa, na kuipiga picha siku hiyo hiyo kabla haijalowa au kupotea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, ndilo deni halisi la watu wengi wa ng'ambo, na ambalo halina utata wa ukaazi hata kidogo. Ni pango. Nyumba iliyoko Uganda inatoa mapato ya Uganda, awe mwenyewe yuko Busia au Boston. Tangu Julai 2022 mtu binafsi anatozwa asilimia 12 ya pango lote alilopokea kwa mwaka baada ya kuondoa shilingi 2,820,000 za kwanza, na hakuna kutoa gharama za ukarabati, mlinzi wala riba ya benki. Tuchukue nyumba inayopangishwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 6,000,000. Ukiondoa 2,820,000 zinabaki 3,180,000, na asilimia 12 yake ni shilingi 381,600. Kwa asiye mkaazi hesabu hubadilika, kwa sababu sheria imeweka kodi ya zuio ya asilimia 15 juu ya malipo ya pango yanayokwenda kwa mtu asiye mkaazi, na mpangaji anayelipa ndiye anayetakiwa kuizuia. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kusaini mkataba na shirika au ofisi ya serikali, maana wao huzuia kweli, wala hawatakuuliza.

Kodi ya shilingi 381,600 kwa nyumba ya namna ile si mzigo unaomwangusha mtu. Kinachowaangusha watu ni kutopeleka ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka. Ritani ya mwaka ulioisha tarehe 30 Juni inatakiwa kufika kabla ya tarehe 31 Desemba kwisha, na anayechelewa hutozwa adhabu ya asilimia 2 ya kodi au shilingi 200,000 kwa kila mwezi, kiasi chochote kilicho kikubwa. Kwa mwenye nyumba wa mfano wetu, kikubwa ni zile 200,000. Akikaa mwaka mzima bila kupeleka ritani, adhabu inafika shilingi 2,400,000, zaidi ya mara sita ya kodi yenyewe, na kodi isiyolipwa nayo inaongezeka riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Nimeona mwanamke aliyefanya kazi usiku katika makao ya wazee huko Ulaya kwa miaka mingi, akarudi kutaka kuuza nyumba yake moja ili afungue duka, akakuta limesimama mbele yake deni ambalo hakuwahi kuambiwa habari zake na ndugu aliyekuwa akikusanya pango. Ndugu yule hakuwa mwizi. Alidhani kodi ya nyumba ni ile inayolipwa manispaa.

Kwa hiyo nasema nanyi mnaosimamia nyumba za kaka na dada zenu. Ile ya manispaa ni kodi ya majengo, inayotozwa juu ya thamani ya jengo, na haiondoi kodi ya pango inayolipwa serikali kuu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Taratibu za Kodi inamtambua mtu anayeendesha mambo ya asiye mkaazi hapa nchini kuwa mwakilishi wake, mwenye wajibu wa kutimiza yale ambayo mwenye mali angepaswa kuyatimiza. Usikubali kukabidhiwa funguo bila kukabidhiwa pia namba ya mlipakodi ya mwenye nyumba, daftari la wapangaji, na maagizo ya maandishi ya kiasi gani kitengwe kila mwezi kwa ajili ya kodi. Nawe uliye nje, usimlaumu ndugu kwa kutofanya kazi ambayo hukumwagiza.

Wapo walioandikisha kiwanja kwa jina la ndugu kwa sababu hawakuwa nchini siku ya kununua. Mbali na hatari ya kuipoteza mali, jambo hili huvuruga kodi kabisa. Mamlaka ikitazama hati huona ndugu, na pango huonekana kuwa mapato ya ndugu. Siku ya kurudisha hati kwa mwenyewe, kuhamisha huko kunahesabiwa kuwa uhamisho mpya na hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani, ambayo kufikia wakati huo imekwisha panda. Anayeweza kutumia hati ya uwakili iliyothibitishwa ubalozini akaandikisha kwa jina lake tangu mwanzo, na afanye hivyo.

Upande wa pili wa mpaka pia una madai yake, na hapa watu hujisahau zaidi. Mganda anayeishi Uingereza kama mkaazi wa huko anatakiwa kuwaeleza Waingereza juu ya pango la nyumba yake ya Busia, ingawa nyumba iko Afrika. Mwaka wao huanza tarehe 6 Aprili, na ritani ya mtandaoni hufungwa tarehe 31 Januari. Uganda na Uingereza zina mkataba wa kuepusha kutozwa mara mbili, kama tulio nao pia na India, Afrika Kusini, Zambia, Mauritius, Uholanzi, Denmark, Norway na Italia. Kodi uliyolipa hapa juu ya pango lile hupunguzwa katika hesabu yao, ila tu kama uliilipa na unaweza kuonyesha. Aliyekwepa hapa huilipa yote kule. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kukaa kimya Uganda ni akiba.

Marekani ni nzito kuliko zote. Hatuna mkataba wa kodi nao, na wao humtoza raia, pamoja na mwenye kibali cha kudumu, kwa mapato yake ya dunia nzima. Tangu katiba yetu ilipofunguliwa mwaka 2005 na sheria ya uraia kurekebishwa mwaka 2009, Waganda wengi wamechukua uraia wa pili, na baadhi wamerudi kuishi hapa wakiamini kwamba wameacha mambo ya Marekani nyuma. Hawajayaacha. Raia wa Marekani anayeishi Uganda bado anapeleka ritani kwao. Tarehe ya kawaida ni 15 Aprili, na kwa wanaoishi nje husogezwa hadi 15 Juni. Wanaruhusu kiasi kikubwa cha mshahara uliopatikana nje kisihesabiwe, dola 130,000 kwa mwaka 2025, kwa anayetimiza masharti yao, na kwa hiyo wengi huishia bila deni. Lakini kutodaiwa hakuondoi wajibu wa kupeleka ritani, na pango haliingii katika ruhusa hiyo kwa sababu si mapato ya kazi. Tena, raia huyo akiwa na akaunti za nje ya Marekani ambazo jumla yake, hata kwa siku moja ya mwaka, ilizidi dola 10,000, anatakiwa kuziripoti kwa hazina yao. Benki ya Kampala na akaunti ya pamoja na mama mzazi zinahesabiwa zote. Mtoto aliyezaliwa Minnesota na kulelewa Mbale ni raia wao kama wengine, na siku atakapoanza kupata mshahara wajibu huo utamwangukia. Wazazi, mwambieni mapema.

Wasiwasi wa mwisho niliousikia hapa ni kwamba serikali haiwezi kujua. Uganda imo katika mkataba wa kimataifa wa kusaidiana katika mambo ya kodi, ulioanza kufanya kazi kwetu mwaka 2016, na mamlaka za nchi zinaandikiana. Lakini hata bila hiyo, mwenye mali hujulikana siku anapoitumia mali yake: akitaka mkopo, akiuza, akigawa urithi. Aliye nyuma kwa miaka kadhaa ajitokeze mwenyewe kabla hajaandikiwa barua. Sheria inampa nafuu anayejieleza kwa hiari ambayo haimpi anayekamatwa, na Bunge limewahi zaidi ya mara moja kupitisha msamaha wa riba na adhabu kwa wanaolipa deni la msingi kwa wakati uliowekwa. Ulizeni ofisini kama upo msamaha unaoendelea kabla ya kulipa chochote cha zamani.

Kwa maofisa wa Mamlaka ya Mapato walioko nasi, nina ombi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa katiba, na ndicho kinachozungumzwa na wengi wa wanaopita mpaka huu kwenda kutafuta kazi. Wekeni maelezo ya ukaazi na ya pango kwa Kiswahili katika ofisi za mawakala wa ajira, mahali msichana anaposaini mkataba wake wa miaka miwili, ili ajue kabla ya kupanda ndege ni karatasi gani za kuhifadhi: mkataba, slipi za mshahara, na mihuri ya pasipoti inayoonyesha siku alizotoka na kuingia. Mihuri hiyo ndiyo ushahidi wake wa siku 183.

Walio na ritani ya mwaka uliokwisha Juni bado wana siku chache. Nitakaa kwenye meza ile ya kulia pamoja na maofisa wawili mpaka saa kumi na moja jioni. Njooni na hati za nyumba, daftari la wapangaji na namba ya mlipakodi, na waliotoka Kenya waje na P9 zao. Asanteni kwa kunisikiliza.